Faili Isiyopatikana: Matengenezo ya Kompyuta za Nyumbani Garissa na Kaskazini Mashariki

Ujumbe unaotokea kwenye kiwambo cha kompyuta kueleza kwamba programu fulani haiwezi kuanza kwa sababu faili fulani haipatikani husomwa na watu wengi kana kwamba unamtaja mkosaji, ilhali unataja tu kitu kilichoitwa na kisiitike. Mfugaji wa ngamia katika nyanda za Garissa na Wajir hugundua kwamba mnyama mmoja hayupo pale anapolihesabu kundi kisimani, lakini hakuna mfugaji anayedhani kwamba ngamia huyo alipotelea kisimani. Kompyuta nayo hugundua upungufu pale inapohitaji faili, ambapo faili yenyewe inaweza kuwa iliharibika wiki mbili zilizopita, usiku ambao stima ilikatika. Kutokana na kutoelewa jambo hilo, wenye kompyuta wengi huhangaika mtandaoni kutafuta faili moja kwa jina lake, au huikabidhi mashine kwa fundi anayefuta kila kitu na kuweka mfumo upya, hali ya kuwa tiba ya kadiri na ya bei nafuu ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Faili ya mfumo ni faili ambayo mwenye kompyuta hakuiandika wala haifungui kwa mkono wake, bali hutumiwa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Katika nyumba nyingi nchini Kenya mfumo endeshi huo ni Windows ya kampuni ya Microsoft, na sehemu kubwa ya faili zake hukaa katika folda iitwayo System32, iliyo ndani ya folda ya Windows kwenye diski ya C. Kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, huamka kwanza na kukagua vifaa, kisha hutafuta kwenye diski kipakizi, ambacho ni programu fupi yenye kazi moja tu ya kuuita mfumo endeshi. Kipakizi huita kiini cha mfumo, kiini huita viendeshi vya vifaa, na viendeshi hufuatwa na huduma nyingine mpaka kiwambo cha kuingilia kitokee. Mnyororo huo unaweza kukatika katika kiungo chochote, na ndiyo sababu wakati ambapo ujumbe wa kosa unatokea humweleza fundi makini mengi kuliko jina la faili.

Faili zinazotajwa mara nyingi zaidi ni zile ambazo majina yake huishia kwa herufi dll, na ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa maktaba za pamoja, kwa kuwa hubeba maelekezo yanayotumiwa na programu nyingi badala ya kila programu kubeba yake. Mpango huu umekuwepo tangu toleo la kwanza la Windows mwaka 1985, enzi ambayo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na ghali, lakini ulikuja na hasara yake, maana kitu cha shirika kikiharibiwa na mmoja huwakosesha wote. Katika miaka ya 1990 lilikuwa jambo la kawaida programu mpya kuweka toleo la zamani la maktaba juu ya toleo jipya, na programu zilizokuwa zikifanya kazi jana zikakataa kufunguka leo. Windows 2000 ilileta ulinzi wa faili za mfumo, na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ikaifanya folda iitwayo WinSxS kuwa ghala la ndani ambamo nakala za vipande vya mfumo hutunzwa. Ghala hilo ndilo msingi wa matengenezo yanayoelezwa katika makala haya, kwa sababu kompyuta inayolalamika kwamba faili imepotea mara nyingi ina nakala nyingine ya faili hiyo hiyo katika diski ile ile.

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, chanzo cha kwanza kinachostahili kuchunguzwa ni stima. Mji wa Garissa, ambao zamani ulitegemea jenereta za dizeli, sasa umeunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ndefu ya nyaya inayopitia Mwingi. Miji ya Wajir na Mandera imekuwa ikipata umeme kutoka vituo vyake vyenyewe vilivyo nje ya gridi. Na katika kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, wafanyabiashara wenye jenereta huuza umeme kwa nyumba na maduka ya jirani. Kituo cha sola cha Garissa chenye uwezo wa megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, hulisha gridi ya taifa, kwa hiyo kuwepo kwake kilomita chache kutoka mjini si dhamana kwamba kompyuta ya nyumbani haitazimika ghafla.

Namna kuzimika huko kunavyoharibu faili inahitaji kuelezwa, kwa maana wengi hudhani kwamba stima ikikatika hupotea tu kile kilichokuwa kikiandikwa na mtumiaji. Windows haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo, bali hukusanya kwanza katika kumbukumbu ya muda ili kazi iende haraka, na kumbukumbu hiyo hufutika mara umeme unapoondoka. Mpangilio wa diski unaotumiwa na Windows, uitwao NTFS, huweka daftari la mabadiliko ambalo huiwezesha kompyuta kurejesha utaratibu wa folda baada ya ajali, lakini daftari hilo hulinda ramani ya diski na si kila kilichomo ndani ya faili, kwa hiyo faili inaweza kubaki na jina lake, tarehe yake na ukubwa wake huku ndani imejaa sifuri tupu. Hatari huwa kubwa zaidi wakati wa masasisho, yaani pale Windows inapobadilisha faili zake za zamani kwa mpya. Kompyuta mpakato, ambayo watu wengi huiita laptopu, ilipaswa kuwa salama kwa kuwa ina betri, ila laptopu nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika zina betri iliyokufa, na mashine ya namna hiyo huzimika pamoja na taa ya ukutani.

Joto na vumbi hufanya kazi yao polepole zaidi. Mchana wa Februari na Machi mjini Garissa hupita nyuzi 35 za selsiasi, na diski nyingi za sahani zinazozunguka zimetengenezwa kufanya kazi hadi takriban nyuzi 60, kipimo kinachoonekana kuwa mbali mpaka mtu akumbuke kwamba ndani ya kompyuta ambayo feni yake imezibwa na vumbi, hewa huwa na joto kubwa kuliko ile ya chumbani. Sehemu ya diski inapoharibika, faili iliyokuwa hapo haisomeki, na Windows huripoti kwamba haipo. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga, au kompyuta inayochukua dakika nzima kufungua folda ndogo, haipaswi kufanyiwa ukaguzi wowote mrefu kabla ya nyaraka za mwenyewe kunakiliwa mahali pengine, kwa kuwa ukaguzi wenyewe huichosha diski inayokata roho. Hapa ndipo mafundi wengi wenye nia njema hukosea, maana hukimbilia kutengeneza Windows, ambayo inaweza kuwekwa tena wakati wowote, na kusahau picha za harusi na maandalio ya mwalimu, ambayo hayana nakala popote duniani.

Chanzo cha tatu husafiri mfukoni. Katika miji ambako kazi za shule, fomu za mkopo wa HELB na vyeti vya eCitizen huchapishwa kwenye saiba, flashi moja huchomekwa katika kompyuta kadhaa kwa siku, na kila kompyuta huweza kuiachia au kuichukulia kirusi. Kirusi cha familia ya Sality, kilichojulikana tangu mwaka 2003, hujipachika ndani ya faili za programu zilizo salama, hivyo programu ya kukinga virusi inapokikuta huweza kuifuta faili nzima au kuiweka karantini, na asubuhi yake mwenye kompyuta huambiwa kwamba faili haipo. Kirusi hakikuiiba faili hiyo. Aliyeiondoa ni mlinzi. Kwa sababu hiyo, kabla ya hatua nyingine yoyote inafaa kufungua orodha ya karantini katika programu ya kinga na kutazama kama jina linalotajwa limo, bila kulirudisha kwa pupa.

Kuna pia ujumbe ambao upungufu wake ni habari njema. Kirusi kikiisha kuondolewa, agizo lililokuwa likikiamsha kila kompyuta inapowaka huweza kubaki, na Windows, ikilifuata agizo hilo kwa uaminifu, hulalamika kila asubuhi kwamba moduli au hati fulani yenye jina la ajabu haikupatikana. Atakayeitafuta faili hiyo na kuirudisha atakuwa amemkaribisha mwizi nyumbani kwa mara ya pili. Kinachotakiwa ni kufuta agizo lenyewe, na programu ya bure ya Autoruns, iliyoanzishwa na Mark Russinovich na mwenzake na sasa kutolewa na Microsoft, huonyesha maagizo yote ya aina hiyo na huweka rangi ya manjano kwa yale ambayo faili zake hazipo tena.

Nakala za Windows zisizo na leseni ni suala linalozungumzwa kwa aibu, ingawa zimeenea. Baadhi ya nakala hizo zimepunguzwa na watu wasiojulikana ili ziwe nyepesi, na kinachopunguzwa kwanza mara nyingi ni lile ghala la WinSxS, kwa hiyo kompyuta inapougua haina akiba ya kujitibia. Mnunuzi wa laptopu iliyotumika ana sababu ya kumuuliza muuzaji ni Windows gani iliyomo, kwa kuwa laptopu nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 itoke mwaka 2012 zikiwa na Windows halali zina leseni iliyoandikwa kwenye madabodi yenyewe, na toleo halali la aina ile ile likiwekwa upya hujitambua bila kuombwa namba.

Matengenezo huanza kwa kusoma. Inafaa ujumbe upigwe picha kwa simu, kisha ibainishwe kama unatokea kabla ya Windows kuonekana, mara baada ya kuingia, au pale programu moja tu inapofunguliwa. Ukitokea kwa programu moja, mfumo endeshi huenda ni mzima kabisa. Majina yanayoonekana sana katika hali hiyo ni MSVCP140.dll na VCRUNTIME140.dll, ambayo ni maktaba za lugha ya C++ zinazotolewa na Microsoft kwa kifurushi kimoja, bila malipo na kwa ukubwa wa makumi machache tu ya megabaiti. Kifurushi hicho kikipakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft na kusakinishwa katika aina zake mbili, ile ya biti 32 na ile ya biti 64, tatizo huisha. Jina likiwa ni la maktaba ya programu yenyewe, dawa ni kuiondoa programu hiyo na kuisakinisha upya kutoka kwa mtengenezaji wake.

Tovuti zinazogawa faili za dll moja moja zinapaswa kuepukwa, hata kama ndizo zinazotokea mwanzoni mtu anapotafuta kwa simu. Anayegawa faili si aliyeitengeneza, toleo linaweza kuwa si lile linalohitajika, na faili ikifika salama bado ni moja tu katika kifurushi ambacho wenzake nao huenda hawapo, hivyo ujumbe wa pili hutokea mara wa kwanza unapoondoka. Zaidi ya hayo, maktaba ni maelekezo yanayotekelezwa, na kuweka maelekezo ya mtu asiyejulikana ndani ya System32 ni sawa na kumpa mpita njia ufunguo wa duka.

Ikiwa faili inayokosekana ni ya Windows yenyewe, chombo cha kwanza ni kikaguzi cha faili za mfumo kiitwacho SFC. Mtumiaji hubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, huandika cmd, hubofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya matokeo na kuchagua kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi, kisha huandika sfc /scannow, akiacha nafasi moja baada ya neno la kwanza. Kikaguzi hulinganisha kila faili inayolindwa na kumbukumbu za ghala, na iliyoharibika au kukosekana hurudishiwa nakala nzima. Kazi hiyo huweza kuchukua nusu saa au zaidi kwenye diski ya zamani, haitumii bando hata megabaiti moja, na haipaswi kukatizwa, kwa hiyo ni vyema ifanywe saa ambazo stima huwa imetulia. Mwishoni kikaguzi hueleza ama kwamba hakikuona kasoro, ama kwamba kimeona na kutengeneza, ama kwamba kimeona lakini kimeshindwa kutengeneza baadhi.

Jibu hilo la tatu humaanisha kwamba ghala lenyewe limeharibika, na hapo huitwa chombo cha pili, DISM, kwa amri DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo kuanzia Windows 8 huweza kulijaza ghala upya kwa vipande vinavyoletwa kupitia huduma ya masasisho ya Windows. Miongozo mingi hushauri DISM itangulie na SFC ifuate, na kwa kanuni ushauri huo ni sahihi, kwa kuwa haifai kuchota akiba kutoka ghala bovu. Mwongozo wa namna hiyo, hata hivyo, umeandikwa kwa msomaji ambaye intaneti yake haihesabiwi. Mwenye kompyuta anayetumia bando la simu ana haki ya kuanza na SFC, ambayo ni ya bure, na kuiendea DISM pale tu anapolazimika, akijua kwamba inaweza kupakua mamia ya megabaiti na kwamba asilimia inayoonyeshwa husimama mahali pamoja kwa muda mrefu bila maana ya kukwama. Asiyekuwa na intaneti kabisa anaweza kutumia flashi yenye nakala ya kusakinishia Windows ya toleo lile lile, ambapo amri huongezewa sehemu ya Source inayoelekeza kwenye faili iitwayo install.wim au install.esd iliyo katika folda ya sources. Flashi hiyo, yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 8, hutengenezwa kwa programu ya Microsoft inayopatikana bure, na kwa kuwa upakuaji wake ni mkubwa, familia au wanafunzi wa bweni moja wanaoweza kuchangia moja na kuitunza hawatapoteza fedha zao. Baada ya DISM kumaliza, SFC hurudiwa.

Kompyuta isiyofika hata kwenye Windows hutisha zaidi, ingawa mara nyingine sababu yake huchekesha. Ujumbe wa kwamba BOOTMGR haipo, ambao ni jina la kipakizi cha Windows tangu Vista, kama vile NTLDR kilivyokuwa kipakizi cha Windows XP, huweza kutokea kwa sababu tu flashi iliachwa imechomekwa na kompyuta ikaamua kuanzia hapo, ikatafuta mfumo ndani ya folda za muziki na isiupate. Flashi ikichomolewa, ugonjwa umekwisha. Isipokuwa hivyo, Windows 10 na Windows 11 hufungua zenyewe mazingira ya uokoaji baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, na humo kuna chaguo la kutengeneza uwashaji, chaguo la kuirudisha kompyuta kwenye hali ya siku za nyuma, na dirisha la amri ambamo SFC huweza kuelekezwa kwenye Windows isiyowaka. Tahadhari moja inahitajika humo: herufi za diski hubadilika, na diski iliyojulikana kama C huweza kuonekana kama D. Kwenye kompyuta ambayo diski yake imesimbwa, kama ilivyo katika nyingi za Windows 11, huombwa pia ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Atakayekuwa amesahau akaunti hiyo atajuta kuliko aliyepoteza faili.

Kufuta diski yote na kuanza upya, jambo ambalo baadhi ya mafundi hulipendekeza kabla hata ya kusoma ujumbe, ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla yake ipo njia ya kuingiza flashi ya kusakinishia huku Windows ikiwa imewaka na kufungua programu ya setup iliyomo, ambayo hubadilisha faili zote za mfumo na kuacha programu na nyaraka mahali pake, na ipo pia njia ya kuweka upya kompyuta inayobakisha nyaraka lakini huondoa programu. Fundi anayejua tofauti ya njia hizo mbili anastahili malipo yake, na mteja anayeijua ataweza kuuliza kabla ya kuacha mashine kaunta.

Limebaki suala la kompyuta kongwe. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikidai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 pamoja na kichakataji kisichozidi umri fulani, masharti ambayo laptopu nyingi zilizouzwa zikiwa zimetumika hazitimizi. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kuandaa flashi ya mfumo huria wa Ubuntu, ulioanza kutolewa Oktoba 2004, ambao huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, hata kama Windows iliyomo haiwaki kabisa. Flashi hiyo hutumika kwanza kuokoa nyaraka kwa kuzinakili kwenye diski ya nje, na mwenyewe akiridhika nayo, huwa mfumo wa kudumu unaoweza kusakinishwa pamoja na programu ya ofisi ya LibreOffice. Programu hiyo ilitokana na OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili na ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.